Tunamjengea Nani?

Swali hili si langu. Liliulizwa na kijana mmoja wa kikundi chetu, ana miaka kumi na sita, akiwa na jiwe kichwani na ngata ya majani imeanza kufumuka na kumwangukia machoni. Tulikuwa tunashuka mlima, hapa Nakivale, safari ya nne siku hiyo, jua la saa saba. Akasimama katikati ya njia akaniita: “Yaya, lakini haya mawe tunamjengea nani?”

Nilimjibu haraka, vile tunajibu sisi tunaofanya kazi na vijana: “Tunajijengea sisi wenyewe.” Wenzake wakacheka. Walicheka juu wanalijua hilo jibu, ni la kwenye semina, linakuja pamoja na soda na daftari. Na mimi nalijua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta jibu lingine, na kila nikilipata naona lina tundu. Nimeona niandike hapa, maana wasomaji wa jarida letu karibu wote wamewahi kujenga kitu juu ya ardhi ya kuazima, hata kama ni banda la kuku.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kuna mama mmoja mzee, sote tunamwita Koko, anakaa na mjukuu wake wa kike wa miaka tisa, wawili tu. Nyumba iko juu, shamba la mboga liko chini kwenye mteremko, na katikati ni hatua kama thelathini na tano za udongo mwekundu. Kiangazi hakuna shida. Mvua ikianza, mwezi wa tatu na tena mwezi wa tisa, hizo hatua zinakuwa sabuni. Koko anashuka kwa makalio. Ninasema kweli, anakaa chini anajiburuta, ndoo mapajani, na kurudi anapanda kwa mikono na magoti. Vijana waliliona hilo wakasema tumtengenezee njia ya mawe. Nikaona ni wazo zuri: mawe ni ya bure, nguvu wanazo, Jumamosi wako tu.

Sikufikiria kwamba kuna mtu anaweza kukataa njia.

Koko alikataa. Hakukataa kwa hasira, alitupa viti kwanza, akatupa maji ya kunywa, halafu akaniuliza: “Mtoto wangu, mimi niko hapa miaka kumi na moja. Umewahi kuona nimepanda hata mti mmoja wa matunda?” Nikaangalia. Kweli hakuna. Kuna lengalenga, maharage, vitunguu, kidogo viazi vitamu. Hata muhogo hapandi, eti muhogo unamngojesha mwaka mzima. Akasema: “Ninapanda kitu ambacho nikiambiwa kesho tunarudi, sitalia. Nyie mnaniletea mawe. Mtu anayelaza mawe mlangoni amekubali.”

Nilikaa kimya, juu hilo neno “amekubali” lilinichoma. Mimi nililetwa hapa nina miaka sita. Fizi naijua kwa masimulizi ya mama na kwa harufu ya samaki wakavu, basi. Kwangu kukubali si kazi, nilikubali kabla sijajua kwamba kuna kitu cha kukataa. Kwa Koko ni tofauti. Kila msimu anaopanda mboga za miezi mitatu anasema tena: sijakubali. Ni kama mtu anayelala na viatu. Unaweza kumcheka, lakini viatu vyake viko tayari.

Na bado nilikuwa na hesabu yangu ambayo sikumwambia. Miaka kumi na moja ni misimu ishirini na mbili ya mvua. Angepanda mbegu ya parachichi mwaka ule alipofika, sasa hivi yule mjukuu angekuwa anakula matunda yake na wanauza mengine sokoni. Kukataa kwake kumekuwa na gharama, na sehemu ya gharama analipa mtoto ambaye hakuulizwa. Hapa ndipo naona swali ni gumu kuliko linavyoonekana. Mtu mzima ana haki ya kuishi kama msafiri. Je, ana haki ya kumlea mtoto kama msafiri?

Watu wengi wanajibu kwa kuangalia muda. Wanasema: kama tutakaa sana, tujenge, kama tutakaa kidogo, tusijisumbue. Jibu hilo lina shida moja, hakuna anayejua muda. Nakivale hii ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda, na nina uhakika kwamba wale wa kwanza hawakufunga mizigo wakijua kwamba zaidi ya miaka sitini baadaye mahali hapa patakuwa bado panaitwa pa muda. Angalieni Tanzania. Warundi waliokimbia mwaka 1972 waliwekwa Katumba, Ulyankulu na baadaye Mishamo. Walifyeka pori, wakalima, wakajenga. Kuanzia 2014 zaidi ya watu laki moja na nusu wa kundi hilo wakapewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Miaka arobaini na zaidi imepita! Sasa nchi ileile, Warundi walewale lakini wa kundi la baadaye, waliokuwa kambi ya Mtabila kule Kasulu: kambi ikafungwa mwaka 2012 na watu wakarudishwa. Na huko nako kulikuwa na watu waliopanda miti. Aliyepanda mwembe Katumba na aliyepanda mwembe Mtabila walifanya kitu kimoja, moyo mmoja, jembe moja. Mmoja anaonekana leo alikuwa na akili, mwingine anaonekana alijidanganya. Lakini siku ya kupanda walikuwa sawa kabisa. Kwa hiyo kama kupanda ni vizuri au ni vibaya, hakuwezi kutegemea kitu ambacho kitaamuliwa na watu wengine, ofisini, miaka thelathini mbele. Lazima kutegemee kitu kilichopo siku ileile.

Na kilichopo siku ileile kwa Koko ni kwamba anateleza.

Hilo ndilo nililomwambia mwishowe, na halikumshinda. Kilichomshinda ni maneno ya yule yule kijana wa swali. Akasema: “Koko, hatuweki saruji. Mawe tunalaza tu kwenye mchanga. Siku ukirudi kwenu tunayang'oa asubuhi moja, unaacha udongo kama ulivyoukuta.” Koko akacheka mpaka akajifuta macho. Akasema basi, wekeni, lakini msishindilie sana.

Tatizo ni kwamba lazima ushindilie. Niwaeleze kidogo, maana hii kazi ina akili yake na wengi wanaidharau. Unaanza kwa kamba na vijiti, unachora njia, na usinyooshe tu kwa sababu kamba imenyooka, angalia kwanza watu wanapita wapi wenyewe. Mguu wa mtu umeshachora njia kabla yako. Halafu unachimba, kama kina cha kiganja kilichosimama, unatoa udongo wa juu wenye mizizi juu huo ukioza unazama. Unashindilia chini kwa gogo zito, unamwaga moramu, unashindilia tena, unamwaga mchanga vidole viwili au vitatu. Ndipo jiwe. Kwenye mteremko unaanza chini kwenda juu, ili kila jiwe lipate mwenzake wa kuliegemea. Jiwe zuri ni pana na si jembamba, upana wa mguu na nusu angalau. Ukiligonga na nyundo linalia. Likitoa sauti ya kufa ujue lina ufa ndani. Lile linaloachia maganda kama kitunguu usilibebe kabisa.

Kila jiwe lina uso na lina tumbo. Uso uko tambarare, tumbo limevimba huku na huku. Vijana mwanzoni walitaka kulipasua tumbo kwa nyundo ili likae sawa kwenye mchanga. Wakavunja matatu mazuri. Fundi mwashi mmoja alikuwa anapita akatuonyesha: jiwe huliguswi, unachimba mchanga uchukue umbo la tumbo lake, unalilaza, unapanda juu unayumba kushoto kulia. Likicheza unalitoa, unaongeza mchanga hapa, unapunguza pale. Jiwe moja linaweza kukulia nusu saa. Nimekaa sana na hicho kitu. Sisi hapa kila siku tunaambiwa tujirekebishe ili tukae vizuri mahali tulipowekwa, na labda ni kweli, lakini sijawahi kusikia mtu anapendekeza kuchimba mchanga kidogo. Haya, naacha, hiyo ni makala nyingine.

Mawe yalitoka kwenye mlima ulio nje ya kijiji chetu, kwenye ardhi ya Munyankole mmoja mwenye ng'ombe. Hatukuchukua tu. Mmoja wetu anajua lugha yao, tukaenda watatu tukapiga magoti kidogo kama inavyotakiwa kwa mzee, tukaeleza habari za Koko na ndoo yake. Yule mzee akauliza ana umri gani, ana watoto, nani anamlimia. Mwisho akasema: “Chukueni ya huyo mama. Mkimaliza mje mnizibie korongo langu, maji yanakula njia ya ng'ombe.” Tukakubali. Jumamosi moja nzima tulijaza korongo kabla hata ya kugusa jiwe la Koko. Nataka mkumbuke alivyosema: ya huyo mama.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyepinga. Papa mmoja jirani, alikuwa mwalimu kule Uvira, alisimama kwenye ua wake akatuangalia tunapita na mawe, akasema neno moja: “Salongo.” Kwa wadogo ambao hawajui, wakati wa Mobutu, miaka ya 1970, salongo ilikuwa kazi ya pamoja ya lazima. Watu walifyeka barabara, walisafisha soko, walilima, bila malipo. Jirani zetu nao wana majina yao: Rwanda wana umuganda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Burundi wana kazi zao za Jumamosi, Baganda wana bulungi bwansi. Kazi ya pamoja ni kitu cha zamani kwetu, haikuletwa na mradi wowote. Lakini Papa aliiona ikigeuzwa. Nilimwambia: “Papa, hii ni ya kujitolea.” Akanijibu: “Mwanangu, usiniambie kama ni ya kujitolea. Niambie ni nani kati ya hawa vijana anaweza kubaki nyumbani leo bila kuulizwa Jumatatu alikuwa wapi. Halafu niambie hiyo njia inafika mlangoni kwa nani.”

Wakati ule nilimwona kama mzee anayelinda machungu yake. Njia yetu ilikuwa inafika kwa Koko, na aliyetaka kulala alilala. Nilijiona niko safi.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nilikuwa sitaki kuandika. Tulikuwa na mawe kama sitini yamepangwa nyuma ya nyumba ya Koko, tumeshachimba, bado kulaza. Ofisi moja, sitaitaja, ilikuwa na bustani ndogo ya maua karibu na lango lake, na wageni walikuwa wanakuja Alhamisi. Mtu wa ofisi akaniita. Amesikia vijana wangu wanajua kutengeneza njia ya mawe, je wanaweza kutengeneza moja pale, ipite katikati ya maua mpaka kwenye kibao? Watapewa chakula, fulana, na kila mmoja cheti. Nikasema ndiyo. Mlimani hatukuwa na muda wa kurudi. Tukachukua yale arobaini mazuri kutoka kwa Koko. Nilimwambia Koko: “Ni mkopo, wiki ijayo tunaleta mengine.” Akasema: “Nyie ndio wenye mawe.”

Njia ilipendeza, siwezi kusema uongo. Ilipindika kidogo kama mkia wa paka, mawe yamebanana, mchanga umefagiliwa. Wageni walipiga picha wakiwa wamesimama juu yake. Vijana walivaa fulana na walifurahi kweli, hilo nalo nataka liandikwe, furaha yao haikuwa ya uongo. Wiki iliyofuata kulikuwa na mitihani. Iliyofuata nyingine gari la mtu lilitakiwa kutusaidia likaharibika. Iliyofuata mvua ikaanza, mapema. Na njia ya Koko sasa ilikuwa mbaya kuliko mwanzo, juu tulikuwa tumeichimba. Ilikuwa mtaro. Akateleza siku ya pili ya mvua, mkono wa kulia ukavunjika kwenye kiwiko cha mkono, pale juu ya kiganja. Mjukuu aliacha shule wiki tano kuteka maji na kupika.

Nimejaribu kumtafuta mwenye kosa. Ofisi? Waliomba kazi, wakalipa walichosema watalipa. Hawakujua mawe yanatoka wapi, walidhani tunaokota mlimani. Vijana? Walinifuata mimi. Mvua? Haya. Ninabaki mimi, na hata hapo nilichelewa kuona kosa lenyewe ni lipi. Kwa muda mrefu nilifikiri kosa langu ni kuyatoa mawe. Hapana. Ningeweza kuyatoa kwa sababu nzuri, mfano mtu mwingine ana shida kubwa kuliko Koko, na Koko mwenyewe angekubali. Kosa langu ni kwamba pale mezani, nilipoulizwa “mnaweza?”, sikumtaja Koko. Ningesema “tunaweza, lakini mawe tuliyo nayo ni ya mama mmoja, tupeni wiki mbili,” pengine wangesubiri, pengine wangekodi gari wakaleta mengine. Sikusema, juu mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule na nilitaka nionekane mtu wa ndiyo. Nilipokea mkataba. Kwa hiyo swali la kijana, “tunamjengea nani,” kwa siku ile lina jibu fupi sana: tulinijengea mimi.

Papa wa Uvira hakuniambia kitu. Alikuja kumsalimia Koko, akamletea unga, akapita mbele yangu akanishika bega.

Baada ya hapo vijana walikuja na mpango. Usiku tuende bustanini, tung'oe yale mawe arobaini, tuyarudishe. Walikuwa na hoja, na hoja zao zilikuwa nzuri kuliko zangu. Walisema: mwenye mlima alitoa kwa ajili ya Koko. Ni kama mchango wa matanga. Watu wakichanga pesa za kumzika mtu, halafu wewe ukazifanyia harusi, hata kama ni harusi ya ndugu yako na wote walikula, bado umekula pesa za maiti. Mchango unabeba jina la aliyechangiwa. Kuyarudisha si kuiba, kuyaacha pale ndiyo wizi.

Nilikataa, na nikawapa sababu mbili. Ya kwanza, tulivaa fulana. Mtu akishakula chakula cha kazi hawezi kurudi usiku kuifumua hiyo kazi. Kama tulifanya biashara mbaya, ni sisi tulioifanya, macho wazi. Ya pili, kitu cha haki kinachofanywa usiku kinamfundisha kijana usiku kuliko kinavyomfundisha haki. Hii ya pili niliipenda sana nilipoisema. Leo siipendi hivyo. Ni rahisi kumwambia mtu afuate mchana wakati mchana ni wa watu wenye funguo.

Lakini nilifanya nilichosema, nilienda mchana. Yule aliyeniita alikuwa ameshahamishwa. Nilimkuta mwingine, mtu mpole, alinisikiliza mpaka mwisho, aliandika jina la Koko kwenye daftari. Halafu akanieleza kwamba hiyo njia tayari iko kwenye ripoti, na picha, kama kazi iliyokamilika ya mradi, kwa hiyo mawe ni mali ya mradi na yeye hana uwezo wa kuyatoa. Angeweza kuomba kitu kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Hakunidharau. Aliamini kabisa kwamba jiwe likishaingia kwenye ripoti haliwezi kusogea.

Tukarudi mlimani. Mzee mwenye ng'ombe akauliza swali moja, kijana wetu akanitafsiria akiwa anaangalia chini: “Anauliza, yale ya kwanza yako wapi?” Nikaeleza. Yote, mpaka habari za mkataba. Akatafuna kimti chake muda mrefu. Akasema tunaweza kuchukua tena, lakini madogo ya chini kwenye korongo, makubwa anayahitaji. Sidhani kama alikuwa anayahitaji. Sikumlaumu. Tukachukua madogo, tukalaza hatua ishirini, na kila anayejua kazi hii anajua mawe madogo kwenye mteremko yanakuwaje: mvua mbili, yanacheza kama meno ya mtoto. Koko alikuwa anapita pembeni yake, kwenye majani.

Ikawa hivyo miezi nane. Halafu ule mradi uliisha kama miradi inavyoisha, gari zikaondoka, lango likafungwa kwa mnyororo. Maua yakakauka. Mbuzi wakaingia. Njia ya mawe ikabaki imelala pale katikati ya majani, inatoka kwenye lango ambalo halifunguki inaenda kwenye kibao kilichofutika.

Asubuhi moja nilipita kwa Koko nikakuta mawe makubwa kumi na manne yamelazwa kuanzia chini. Moja nililijua hapohapo, lina mstari mweupe kama namba saba, nililibeba mimi mwenyewe siku ile ya kwanza mpaka shingo ikakakamaa. Vijana wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi, fulana zilezile za mradi zimechakaa, wananiangalia. Hawakuniambia kitu. Walikuwa wanangoja niseme. Nilipanda juu ya lile la namba saba, nikayumba kushoto kulia. Nikasema: “Hili linacheza. Litoeni, chimbeni tena.” Wakainuka wote mara moja.

Sikusema zaidi na mpaka leo sijasema. Wiki iliyofuata yalikuwa ishirini na mbili. Sasa njia imefika mlangoni.

Nimejiuliza kama nilibadilisha mawazo au nilichoka tu. Fulana bado walivaa. Usiku bado ulikuwa usiku. Kilichobadilika ni kwamba hapakuwa tena na mtu anayekanyaga yale mawe, na naona hilo lina uzito kuliko nilivyofikiri zamani. Ardhi hii tunapewa kutumia, si kumiliki. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki nyingi ambazo wenzetu wa nchi nyingine hawana, kufanya kazi, kutembea, lakini kipande unacholima huwezi kukiuza, na siku ukiondoka kinarudi. Tumelalamika sana kuhusu hilo, na mimi nimelalamika. Lakini ukilichukua mpaka mwisho, si linagusa pande zote? Kama mimi ninashika kitu kwa sababu ninakitumia tu, basi na ofisi nayo inashika kwa sababu inatumia. Haiwezi kuwa kutumia kwangu na kumiliki kwao. Papa, nilipomweleza hoja hii, alisema ni nzuri lakini nisiipeleke mahakamani.

Na kuna upande ambao unaniuma bado. Kijana mmoja kati ya wale wanne aliniuliza juzi, tukiwa tunasubiri mpira uanze: “Yaya, kwa hiyo kama mtu hayupo unaweza kuchukua?” Nikamwambia hapana, inategemea. Akauliza inategemea nini. Nikaanza kueleza habari za mchango wa matanga, ambayo ni hoja yake mwenyewe, akacheka kama walivyocheka siku ile mlimani. Nadhani nimemrudishia jibu la semina, tofauti ni kwamba safari hii semina ni yake.

Koko bado hajapanda mti. Mkono wake umepona ila haubebi ndoo iliyojaa. Anafagia njia kila asubuhi, na kati ya mawe lengalenga imeota yenyewe kwenye mchanga. Vijana wanataka kuing'oa juu mizizi inasukuma mawe. Koko amekataa, anasema mboga ni mboga.

Jumamosi hii hatuendi kwake. Korongo la yule mzee limefunguka tena na mvua za mwezi uliopita, na tulimwahidi tutalitazama. Bado hatujamwambia kwamba yale mawe ya kwanza yamefika kwa mama, wala yalifikaje. Vijana wameniachia mimi niseme.